Je, Roho ya Mkristo Hutakasika Yenyewe?

Tumeulizwa na baadhi ya wasomaji wetu: je, Wakristo waitakidi kuwa mtu akisha kubatizwa roho yake huwa takatifu papo hapo, pasi na juhudi yoyote? Na waulizao wameongeza kuwa ndivyo isemwavyo barazani, na kwamba ndiyo sababu Mkristo haogopi dhambi. Suala hili lataka jibu la uadilifu. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Maida, kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na kumsingizia mtu itikadi asiyokuwa nayo ni dhulma, kama kumnyang'anya mali yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, kwani hapo ndipo wengi wateleapo. Sisi katika Kiswahili husema "roho" kwa uhai na kwa nafsi, na Wakristo wamelitumia neno lilo hilo kwa yule wamwitaye Roho Mtakatifu, ambaye kwao ni Mungu, mmoja wa Utatu, kama walivyokubaliana maaskofu wao mjini Constantinople mwaka 381. Nasi tusikiapo jina hilo twamkumbuka Jibrili (A.S.), na mchanganyiko huzidi. Lakini roho ya mwanadamu, kwao, ni kiumbe, wala haigeuki kamwe kuwa Roho Mtakatifu. Wasemalo ni kuwa huyo Roho humshukia mtu akamtakasa. Basi utakatifu kwao ni kitu apewacho mtu, si kitu kiotacho chenyewe.

Tena, mwenye kusoma waraka wa kwanza wa Paulo kwa watu wa Korintho ataona jambo la ajabu. Mwanzo awaita watakatifu. Kisha, haujafika mbali waraka, awakemea kwa zinaa iliyokuwa haya hata kwa wapagani, na kwa kushtakiana mbele ya mahakimu wasiokuwa wa dini yao. Vipi watakatifu wawe hivyo? Jawabu ya wanavyuoni wao ni kuwa neno hilo hapo lina maana ya watu waliotengwa kwa ajili ya Mungu, nao bado wana njia ndefu ya kwenda.

Na juu ya njia hiyo wamegombana wao kwa wao karne nyingi. Pelagius, mtawa aliyetoka Uingereza, alifundisha kuwa dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake, na kuwa mtu aweza kutenda wema kwa hiari yake. Augustine, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, akampinga, na baraza la Carthage la mwaka 418 likayakataa mafundisho hayo. (Msomaji asifanye haraka kumfanya Pelagius kuwa ndugu yetu, juu ya Nabii Isa alishika yale yale washikayo wenzake.) Baadaye Luther wa Ujerumani akasema kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, naye angali mwenye dhambi. Wakatoliki wakamjibu katika mtaguso wa Trent, mwaka 1547, kuwa mtu hubadilika kweli ndani yake, na kwa dhambi kubwa huipoteza neema hiyo. Hata mwaka 1999 ndipo Walutheri na Wakatoliki walipotia sahihi maafikiano juu ya jambo hili mjini Augsburg.

Karibu nasi zaidi ni ule uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kitu, ukaenea Uganda na huku Kenya. Watu wake husimama mbele ya wenzao wakaungama wizi, chuki na uzinzi; na wengi wao wamebatizwa tangu zamani! Lau ubatizo ungaliitakasa roho mara moja ikaisha kazi, wangaliungama nini?

Basi waliosema barazani hawakusema kweli. Tofauti yetu nao iko kwengine: sisi twaamini kuwa mtoto huzaliwa katika fitra, hana dhambi ya kurithi, kuwa hapana abebaye mzigo wa mwenziwe, na kuwa mwenye kutubu humwelekea Mola wake bila ya mtu kuuawa kwa ajili yake.

Na ulizo hili lina upande wa pili, ambao barazani hautajwi. Ni wangapi kwetu wadhanio kuwa jina la Kiislamu, au nasaba ya babu aliyekuwa mwanachuoni, au khitma asomewayo maiti ambaye hakusali uhai wake, yatosha kuitakasa roho? Katika Suratun Nisaa twaambiwa kuwa jambo hili haliwi kwa matamanio yetu wala kwa matamanio ya Watu wa Kitabu. Atendaye ovu atalipwa kwalo. Na Mtume (S.A.W.), alipoamrishwa kuwaonya jamaa zake wa karibu, alimwita bintiye Fatma akamwambia aombe atakacho katika mali yake, ama mbele ya Mwenyezi Mungu hatamfaa kwa kitu.