Shimo na Rehema

Mpira wa pool una kipenyo cha inchi 2.25, shimo la kona kwenye meza ya mashindano ya Kimarekani ni inchi 4.5 hivi. Upana huo ni sawa na mipira miwili bega kwa bega. La meza yetu lilikuwa pana zaidi, huruma iliyopitiliza. Nikafungua kingo, nikachomoa pini za kitambaa, nikabandika raba ngumu ya milimita 3 kila upande wa mdomo, nikakivuta kitambaa tena (hapo ndipo jasho lilipo).

Jioni bingwa wetu akakosa mpira mweusi mara tatu. Mkono uleule, pigo lilelile. Jana lilikuwa halali.

“Mwanangu,” muuza kahawa akaniuliza, “umemfundisha au umemfedhehesha?”

Nikakosa jibu. Mungu naye huwaachia mlango mpana kiasi gani wanaolenga vibaya?

Mwenye meza anataka raba zitolewe: mchezo uishe upesi, sarafu nyingine iingie.