Ukingo wa Mto ni wa Nani? Harimu, Haki na Bonde la Msimbazi

Mpango wa matumizi ya ardhi, yaani uamuzi wa mamlaka kwamba eneo hili lijengwe nyumba, lile liachwe wazi na jingine liwe la biashara, huchukuliwa mara nyingi kuwa kazi ya wahandisi na wapima ardhi, ilhali ndani yake mna swali ambalo wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi: je, ipo ardhi isiyopaswa kumilikiwa na mtu yeyote, na kama ipo, inalindwa kwa ajili ya nani? Swali hilo halikwepeki katika bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, mto unaoshuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Kigogo na Jangwani, na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda.

Fikihi ya Kiislamu inalikabili swali hili kwa kanuni mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kuhuisha ardhi mfu, ambayo kwayo anayelima au kujenga katika ardhi isiyo na mwenyewe hupata haki juu yake, ingawa Abu Hanifa alishurutisha idhini ya mtawala. Ya pili ni harimu, yaani ukanda unaozunguka kisima, mto au kijiji, ambao haumilikiwi kwa kuhuishwa kwa sababu bila huo kinachozungukwa hakiwezi kutimiza kazi yake: watu hukosa njia ya kuyafikia maji, wanaousafisha mto hukosa pa kuweka tope, na maji yenyewe hukosa pa kutandaa yanapofurika. Kwa mtazamo huo ukingo unaoonekana mtupu wakati wa kiangazi haujafa hata kidogo. Una kazi, na kazi yake ni kungoja masika. Kanuni hii inaafikiana na fundisho la Mtume kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Sheria za Tanzania zinakaribia sana fikra hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitamka ardhi yote kuwa ya umma, ikiwa chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa kipimo hicho waliojenga bondeni walikuwa wameingia katika harimu, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, yalionyesha kwamba katazo hilo halikuwa urasimu mtupu. Waathirika wengi walipewa viwanja Mabwepande, na mwishoni mwa mwaka 2015 alama ya X nyekundu ikachorwa kwenye kuta za nyumba zilizobaki, bomoabomoa ikafuata.

Hata hivyo, katazo la haki haliwezi kumbana mnyonge peke yake. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde hilohilo, na mvua zilipokuja maji yaliingia humo na kuharibu mabasi, kama yalivyokuwa yakiingia katika vyumba vya wapangaji wa jirani. Mamlaka inayojiruhusu kile inachomkataza mwananchi haijavunja kanuni ya uhandisi tu. Imeondoa hoja pekee inayoweza kuhalalisha kumtoa mtu nyumbani kwake, nayo ni kwamba ukanda huo si wa yeyote. Tena waliokaa bondeni hawakufuata uzuri wa mandhari. Walifuata Kariakoo, ambako mbeba mizigo na mama ntilie huenda kwa miguu alfajiri, na kiwanja kilicho mbali makumi ya kilometa, hata kikiwa kikavu, humla mtu huyo nauli kila siku.

Sasa umekuja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, ambao unakusudia kupanua na kuchimba mkondo, kujenga daraja jipya la Jangwani, kuweka bustani kubwa ya jiji, na kuinua kwa udongo sehemu za kando ili zijengeke. Bustani na mkondo ni kurudishwa kwa harimu, na hapo mradi unastahili kuungwa mkono bila kusita.

Ugumu uko kwenye udongo ulioinuliwa. Wakazi waliondolewa kwa sababu ya hatari, nayo hatari ikiisha, sababu ya kuwazuia imekwisha pia. Kuiuza ardhi hiyo kwa mwenye fedha nyingi ni kuitumia harimu kama ngazi ya kumpandisha mwingine. Atakayesema kwamba fidia imekwisha kulipwa na akumbuke kisa cha Nabothi katika Biblia, ambaye mfalme Ahabu alimpa uchaguzi wa shamba bora zaidi au fedha taslimu, na bado lawama haikumwondokea mfalme. Ni kweli kwamba gharama lazima zirudi, lakini mkopo utalipwa kwa kodi ya wote, wakiwemo waliobomolewa. Kwa hiyo, kabla ya mnada wowote, mamlaka za mipango miji zitenge kwa maandishi, katika mchoro wenyewe wa matumizi ya ardhi, nyumba za bei nafuu kwenye udongo huo, na orodha ya wa kwanza kuzipewa iwe ya waliotolewa bondeni.