Ukoo Wenye Kansa?



Vijana wenzangu, leo nawaandikia juu ya jambo lililonipata likizo ya Desemba, nikiwa nyumbani Mwanza, na mpaka sasa linaniuma kidogo. Mdogo wangu wa kike ameposwa. Kijana mwenyewe ni mtu wa Igombe, mpole, anasali, ana kazi yake. Kikao cha ukoo kikakaa kwetu Buhongwa, na mambo ya mahari yakaenda vizuri tu, hadi shangazi alipoweka kikombe chini. "Jamani, ile familia tumeichunguza? Ina mazeruzeru. Shangazi yake huyo kijana alikufa kwa kansa ya shingo, hajafika hata miaka arobaini. Na mdogo wake naye ni hivyohivyo. Ile kansa iko kwenye damu yao."

Kimya. Baba mkubwa akanigeukia: "Frateri, wewe ndiye uliyesoma. Sema."

Nikasema tumwombe Roho Mtakatifu atuongoze. Ndiyo, nilisema hivyo, na wote wakaitikia Amina, kikao kikaahirishwa. Nina digrii ya falsafa. Nimeandika insha ndefu juu ya uovu kwa Mtakatifu Thomas wa Akwino na nikapata alama nzuri. Siku swali lenyewe lilipokuja sebuleni kwetu, limevaa kitenge, nikajificha nyuma ya sala.

Basi nikaanza kusoma upya, safari hii vitabu vya baiolojia. (Halafu lile neno alilotumia shangazi, tuliache. Nitasema mtu mwenye ualbino.)

Jambo la kwanza nililoelewa ni kwamba shangazi alikuwa amepatia nusu. Kuna kitu kinachorithiwa kwenye familia ile, lakini si kansa. Kinachorithiwa ni jeni iitwayo OCA2 ikiwa na kasoro. Ikiwa nzima, jeni hii husaidia seli za ngozi, nywele na macho kutengeneza melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 kwa Watanzania wenye ualbino ulikuta kwamba wengi wao wana kasoro ileile moja: kipande cha herufi kama 2,700 za vinasaba kimekatika. Pengo hilohilo limeonekana kwa ndugu zetu wa Kibantu mpaka Afrika Kusini. Maana yake ni pengo la zamani sana, limetembea na mababu zetu kabla hatujaanza kuitana Wasukuma, Wakerewe au Wahaya.

Ili mtoto azaliwe na ualbino lazima apokee jeni yenye pengo kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye moja tu haonekani na lolote. Ni mweusi kama mimi, anaishi, anazeeka, anazikwa, hajui. Aliyetufundisha hesabu hizi ni mtawa wetu, Gregor Mendel, Mwaugustino wa Brno, aliyechapisha kazi yake juu ya njegere za bustani ya monasteri mwaka 1866, na dunia ikampuuza karibu miaka thelathini na tano. Wazazi wawili wabebaji wakipata mtoto, nafasi ya kuzaliwa na ualbino ni moja kati ya nne. Na kila mimba inaanza upya. Wale wanaosema "mmoja ameshatoka hivyo, watatu wanaofuata wako salama" wanajidanganya.

Sasa sikilizeni hesabu iliyonifanya niache kula. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika nchi ya watu karibu milioni 45. Ni kama mmoja kati ya 2,700. Kwa kanuni za urithi, ukikokotoa kinyumenyume, wabebaji wasiojijua wanakuwa takriban mmoja kati ya 26. Ni makadirio, najua, maana watu hawaoani kwa kura. Ila yachukueni hivyohivyo mpaka kanisani. Misa ya kwanza Jumapili, watu 520: wabebaji kama ishirini. Wamo kwenye kwaya, wamo kwenye WAWATA, pengine yumo aliyeshika biblia mimbarini. Kwa kila mtu mmoja mwenye ualbino tunayemwona, kuna weusi zaidi ya mia wanaobeba jeni ileile. Kwa hiyo ukiuliza jeni ya ualbino Tanzania inakaa wapi, jibu ni kwamba inakaa kwetu. Wao wameionyesha tu.

Na kansa je? Hapa ndipo pana utamu kwa mtu aliyesoma falsafa, kwa hiyo nivumilieni.

Mwanga wa jua una miale inayovunja vinasaba ndani ya seli za ngozi. Hii inatupata sote, kila siku. Seli zinajirekebisha, nyingine zikishindwa hufa, na maisha yanaendelea. Kansa huanza pale makosa yanapolundikana kwenye seli moja kwa miaka, hadi breki za kuizuia isigawanyike zinakatika. Melanini ni mwavuli. Mwenye ualbino anatembea kwenye mvua ileile tunayotembea sisi, bila mwavuli, na Mwanza haipo hata digrii tatu kutoka ikweta.

Kuna urithi wa aina nyingine ambao uko karibu zaidi na kansa yenyewe. Mwanamke anayerithi kasoro kwenye BRCA1 anazaliwa na fundi wa kukarabati vinasaba aliyepungua, na hatari ya saratani ya matiti na ya ovari inapanda sana. Mtoto anayerithi kasoro kwenye RB1 anaweza kupata saratani ya jicho akiwa mdogo kabisa. Lakini hata huko, seli inahitaji kupata makosa mengine ndipo iwe kansa. Na tusichanganye: kansa nyingi hazirithiwi hivi. Ile ya watoto inayovimbisha taya, iliyoelezwa na Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958 na inayojulikana vizuri ukanda wetu huu wa ziwa, nayo ina jeni zilizobadilika, ila zimebadilika ndani ya uvimbe wenyewe. Mtoto hakuzirithi kwa mama yake.

Aristotle angesema tunatofautisha uwezekano na utendekaji. Mbegu siyo mti. Aliyerithi ngozi isiyo na mwavuli amerithi uwezekano. Nani anauleta kwenye utendekaji? Hapo ndipo nilipokutana na Bugando, hospitali yetu ya Baraza la Maaskofu, pale kilimani. Mwaka 2012 madaktari wake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hapo. Nusu yao walikuwa na miaka 30 au chini ya hapo. Nusu walikuwa wamekaa na kidonda miaka miwili au zaidi ndipo wakafika. Wengi walikuwa na ile aina inayoanzia tabaka za juu za ngozi, ambayo ikiwahiwa hukatwa ikaisha. Na sababu kubwa ya kuchelewa? Pesa.

Miaka miwili na kidonda! Hakuna jeni ya kuchelewa hospitali. Hakuna jeni ya kukosa kofia pana, au ya kufukuzwa shule kwa sababu huoni ubao, ukaishia kuanika dagaa mchangani saa saba mchana, jua juu na jua lingine linarudi kutoka majini. Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba uovu ni kukosekana kwa kitu kinachostahili kuwapo. Jiwe halioni, na si uovu, maana jiwe halikustahili kuona. Je, ngozi isiyo na melanini ni uovu? Mzungu wa Ireland ana melanini kidogo sana, na chini ya mawingu yake hakuna anayemwita mgonjwa. Mhamishie Australia uone. Kumbe hatari haikai kwenye ngozi peke yake, inakaa kati ya ngozi na mahali, na kati ya ngozi na watu wa mahali pale.

Mwalimu wangu mmoja alinipinga, na nadhani alikuwa na haki. Alisema, "Frateri, angalia usifute mateso kwa maneno mazuri. Macho yao hayaoni vizuri hata kivulini. Hiyo nayo utasema ni mahali?" Kweli. Kutoona ni kupungukiwa halisi, na mtu ana haki ya kukulilia. Ninachokataa ni kuchukua vitu viwili, kimoja alichotoa maumbile na kingine tulichofanya sisi, tukavifunga kwenye fungu moja na kuliandika "mapenzi ya Mungu".

Someni Yohane sura ya 9 usiku wa leo. Wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa, na swali lao ni la shangazi kabisa: kosa ni lake au ni la wazazi? Yesu anakataa vyote viwili. Tunapenda kuishia hapo. Lakini mistari michache mbele anainama, anachukua udongo, anafanya kazi kwa mikono.

Na tusiseme ushirikina ni wa wengine. Ukanda wetu, Mwanza, Shinyanga, Geita, umeona ndugu zetu wakiuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Sengerema pamejengwa mnara wa kuwakumbuka. Mwaka 2024, Muleba, mkoani Kagera, ziwa lilelile, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino alichukuliwa mikononi mwa mama yake na kuuawa, na kati ya walioshtakiwa alikuwamo padri. Hukumu ni kazi ya mahakama. Mimi nasema tu kwamba siku hiyo, nikiwa nimevaa kanzu yangu, sikujua niangalie wapi.

Turudi Buhongwa. Kikao cha pili nilikuja nimejiandaa. Nikawaambia kwamba kubeba jeni si kizuizi cha ndoa katika Sheria ya Kanisa. Kuuliza historia ya ukoo si dhambi, ni busara, ili mjiandae. Halafu nikatoa karatasi. Kijana hana ualbino ila mdogo wake anao, kwa hiyo uwezekano wa yeye kuwa mbebaji ni mbili kati ya tatu. Dada yangu, kama Mtanzania yeyote, moja kati ya 26. Wakiwa wabebaji wote, moja ya nne kwa kila mtoto. Zidisha: moja kati ya 156. "Shangazi," nikasema, "ni kidogo sana. Msiwe na hofu."

Wakapiga vigelegele. Shangazi mwenyewe akasema asante Mungu. Nikajiona nimefanya kazi ya Kanisa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Igombe kupeleka salamu, nikamkuta yule mdogo wa bwana harusi akikusanya dagaa na chepe ya plastiki. Kofia yake ya kepu, masikio nje. Kumbe habari zilikuwa zimemfikia, karatasi na vigelegele. Akanisalimia vizuri, akanipa ndoo nikae. Baadaye akasema, bila hasira, "Frateri, hesabu yako nimeambiwa. Nzuri. Ila mimi ndo yule mmoja, eti?"

Sikuwa na jibu, na sikusema tusali. Nilikuwa nimeituliza familia yangu kwa kuiahidi kwamba mtu kama yeye hatazaliwa. Namba zilikuwa sahihi zote. Furaha tuliyoijenga juu yake ndiyo iliyokuwa na kosa, na karatasi ile niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Tukakaa. Nikamuuliza juu ya kidonda kidogo nyuma ya sikio la kushoto. Akasema kina miezi mitano, kinapona kinarudi, na mama anakipaka mafuta ya nazi. Nikamweleza kuhusu Kilisun, mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Alikuwa ameyasikia, kopo moja aliwahi kupewa, likaisha. Akaniuliza kama dagaa wanaweza kuanikwa alfajiri na kugeuzwa jioni, mchana akae kwenye banda. Sijui mambo ya dagaa. Tukamwita mama mwenye kichanja, akasema inawezekana msimu wa jua kali, lakini lazima apatikane mtu wa kuwalinda na kunguru saa za mchana, na huyo mtu atataka kulipwa.

Nilipompigia shangazi simu jioni nilimweleza yote, hata lile la "yule mmoja". Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Na sisi je, hiyo jeni tunayo?" Nikamwambia inawezekana, shangazi, hata wewe, hata mimi. Akasema mmh. Akauliza tena Bugando wanaona watu wa ngozi siku gani, na nauli kutoka Igombe ni shilingi ngapi.

Tunakwenda Alhamisi, watu watatu. Mtukumbuke kwenye rozari yenu.