Kadi Iliyofika Mapema

Mzee huyu ameniruhusu nisimulie kisa chake, ila jina lake tuliache. Ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika, akakaa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, miaka 19. Huko alioa, akapata binti, akamzika mkewe. Mwaka 2015 yeye na binti wakapelekwa Texas, na mimi nikawa mkalimani wao.

Ili umwelewe, jua kwanza kadi ya mpiga kura ni kitu gani kwa Mkongomani. Kwao, kwa miaka mingi, watu hawakuwa na kitambulisho kingine cha taifa. Kadi ya kura ndiyo iliyoonyeshwa kwenye vizuizi vya barabarani, ndiyo iliyotolewa mtu alipokwenda kupokea pesa aliyotumiwa. Ndugu zake waliobaki Uvira walikuwa nayo. Yeye alikuwa na karatasi ya ukimbizi tu.

Mwaka 2016 akaenda kuomba leseni ya udereva. Kijana aliyempeleka alibaki nje akitafuta pa kuegesha gari. Dirishani akaulizwa maswali harakaharaka: anwani, urefu, rangi ya macho. Likaja moja lenye neno "vote", ambalo alilijua kwa Kifaransa. Akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Swali lilikuwa na mwanzo uliompita: kama wewe ni raia wa Marekani, ungependa kujiandikisha?

Swali hilo si mtego wa mtu. Sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni katika majimbo mengi zimpe mwombaji nafasi ya kujiandikisha papo hapo, na imewasaidia raia wengi sana. Lakini anayeuliza hakujui, na usidhani kuna mtu nyuma yake atakayekuzuia ukikosea. Fomu inapokea neno lako. Ukitia sahihi umeapa kwamba wewe ni raia, hata kama hukuelewa ulichoapa.

Kadi ikafika kwa posta. Karatasi nyepesi, haina hata picha. Mzee akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kifo cha mkewe. Hakupiga kura hata mara moja. Alitaka tu awe nayo.

Mwaka 2021 tukakaa mbele ya afisa wa uhamiaji kwa mahojiano ya uraia. Afisa akafika kwenye swali lililomo ndani ya fomu ya maombi: umewahi kujiandikisha kupiga kura Marekani? Nikatafsiri. Mzee akatabasamu, akatoa mfuko wake. "Ndiyo, mama, mwambie ninayo."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sijawahi kutamani kunyamaza kama siku ile. Mkalimani hana ruhusa ya kunyamaza.

Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, kudai uraia usio nao ni kosa linaloweza kumzuia mtu kupata uraia, na hata kumwondoa nchini. Wakili alipoelezwa, jambo la kwanza alilofanya ni kuiandikia kaunti jina lifutwe, kisha akaomba barua ya kuthibitisha kwamba mzee hakupiga kura kamwe. Faili likakaa. Na hapo ndipo kosa lilipomgusa asiyehusika. Kwa sheria ya Marekani, mtoto mwenye ukaazi wa kudumu anayeishi na mzazi wake hupata uraia siku ileile mzazi anapoupata, mradi awe hajatimiza miaka 18. Binti alikuwa na miaka 17. Akatimiza 18 faili la baba likiwa bado mezani, na sasa itambidi aombe mwenyewe, tangu mwanzo.

Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu: grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, si uraia, na ukimbizi si uraia. Ukiulizwa habari ya uraia au ya kura dirishani, jibu hapana, kisha omba usomewe karatasi kabla ya kutia sahihi. Aliyekwisha kujiandikisha kimakosa asiende kupiga kura, wala asipeleke maombi ya uraia kabla hajaonana na wakili wa uhamiaji. Na akiulizwa aseme kweli, kwa maana uongo wa pili ni mzito kuliko kosa la kwanza.

Ukishakula kiapo cha uraia, mambo yanageuka. Hapa hakuna waandikishaji watakaokuja mtaani na mashine kama Tanzania. Hakuna daftari moja la nchi nzima pia; kila jimbo lina utaratibu wake. Mwanamke mmoja ninayemfahamu, raia kamili, alihamia Dallas kutoka Minneapolis, ambako mtu anaweza kujiandikisha siku ileile ya kura. Akadhani Texas ni vilevile, akarudishwa mlangoni. Texas fomu inatakiwa iwe imetiwa posta siku 30 kabla: kwa uchaguzi wa Novemba 5, 2024, mwisho ulikuwa Oktoba 7, kwa kuwa siku ya 30 iliangukia Jumapili. Fomu hupatikana maktaba, posta, na kwa msajili wa kaunti, ambaye mara nyingi ndiye mtoza kodi. Jaza namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, weka sahihi kwa mkono. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye leseni, hata kama kambini walilipindua. Ukihamia kaunti nyingine, jiandikishe upya.

Texas kijana anaweza kuomba akiwa na miaka 17 na miezi 10, na shule za sekondari zinatakiwa kuwapa fomu wanafunzi waliofikia umri. Zikaletwa darasani kwa binti wa mzee. Wenzake wakachukua kalamu. Yeye akaisoma neno kwa neno, mpaka kwenye kisanduku cha uraia, akairudisha mezani kwa mwalimu ikiwa tupu.

"Huitaki?" mwalimu akamwuliza.

"Naitaka," akasema. "Bado tu."