Dawa ya Mgeni na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Muhoroni ni mji mdogo wa miwa na reli, mashariki ya Kisumu. Reli hiyo ndiyo iliyotoka kwetu Mombasa ikafika ziwani mwaka 1901, na tangu siku hizo mambo ya watu wa huko yamefungamana na ya walimwengu. Tuchukulie mkata miwa mmoja wa hapo, ameshikwa na homa. Swali letu ni hili: mtu huyu amdai nani matibabu yake? Serikali yake, jirani yake, au tajiri aliye ng'ambo ya bahari?

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba swali hili ni la bara na halituhusu sisi watu wa pwani. Amri zilizomfikia yeye ndizo zilizotufikia sisi.

Mwaka 1965, baada ya uhuru, serikali ya Kenya iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa. Ikapita miaka zaidi ya 20. Kisha nchi ikaelemewa na madeni, na wakopeshaji, Benki ya Dunia mbele yao, wakashauri kwamba mgonjwa naye achangie. Na ushauri wa mdai, kama tujuavyo, mdaiwa huusikia kuwa ni amri. Desemba 1989 ada ikarudi. Katika zahanati moja kubwa ya Nairobi iliyotibu maradhi ya zinaa, kwa kila wanaume 100 waliokuwa wakija, wakabakia 40 tu. Je, wale 60 walikuwa wamekwisha pona? Hapana mwenye akili atakayesema hivyo.

Ada ile ikasimamishwa mwaka 1990, kisha ikarejeshwa; mwaka 2004 ikapunguzwa katika zahanati na vituo vya afya kuwa shilingi 10 na 20, na mwaka 2013 ikaondolewa humo. Desemba 2018 Kisumu ikawa mojawapo ya kaunti 4 za kujaribia matibabu kwa watu wote. Tangu Oktoba 2024 ipo bima mpya, ambayo mchango wake ni asilimia 2.75 ya pato, wala haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara hukatwa kila mwezi. Kibarua hutakiwa mchango wa mwaka mzima, naye hajui kama kesho atapata kazi.

Ama mgeni, naye tumtendee uadilifu. Tangu mwaka 2003 Marekani imetoa mali nyingi kwa dawa za UKIMWI, na huko kando ya ziwa, palipopatwa na msiba huo kuliko sehemu nyingi za Kenya, wako watu wengi walio hai leo kwa sababu ya dawa hizo. Walakini Januari 2025 rais wa nchi hiyo alitia sahihi karatasi moja, misaada ikasimamishwa. Na ilipofika Julai shirika lililokuwa likiigawa, USAID, likafungwa. Mgonjwa wa Muhoroni hakupiga kura katika uchaguzi ule, wala hapana aliyemwuliza.

Watasema baadhi ya watu: mtoaji ni huru kwa mali yake. Ni kweli. Na hapo ndipo lilipo kosa letu, kwamba hiari ya mtu mwingine tumeifanya nguzo ya nyumba yetu. Wengine watasema: sisi ni maskini, hatuna uwezo. Twawajibu: mwaka 2001, huko Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kwa ndimi zao kuiwekea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Zilizotimiza ni chache, na Kenya haimo. Asiye na kitu ana udhuru. Aliyeahidi kisha akakipeleka kwengine hana.

Wala tusiishitaki serikali peke yake. Mwaka 1284, mjini Cairo, Sultani Qalawun alijenga hospitali akaiwekea wakfu, tajiri na fakiri wakatibiwa humo pasi na malipo. Ubora wa wakfu ule ni kuwa mgonjwa hakungojea moyo wa mtu ulivyoamka asubuhi. Nasi leo, ni wangapi kati yetu walio tayari kutoa mamia ya maelfu kwa karamu ya siku moja, na jirani yao amekosa mchango wa bima wa mwaka?

Basi dawa ya mgeni na ipokewe kwa shukrani, lakini iwe ni nyongeza. Wahenga wamesema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu si ndugu. Mwenye kumpigia mtu kura na amwulize ahadi ya Abuja imefikia wapi, na mwenye uwezo na amtazame jirani yake kabla homa haijamshika.