Mgeni na Sahani

Mgeni afikapo Mbweni huuliza atakula wapi. Swali ni la tumbo, lakini jawabu lake ni la moyo.

Njia ni mbili. Jioni aweza kwenda Forodhani, katika Mji Mkongwe, akanunua urojo, mishkaki au pweza, na maji ya miwa. Akiisha kulipa, hakuna amdaiye mwenziwe. Biashara hii ina heshima yake, maana hulisha nyumba ya muuzaji; aidharauye hajui joto la makaa.

Njia ya pili haina bei. Apitaye penye watu walao huambiwa, "Karibu." Mwezi wa Ramadhani, jua likichwa, mikeka hutandikwa nje na mpita njia huitwa kufuturu. Chakula hicho huacha deni lisilolipika kwa fedha. Wako waonao kuwa uhuru ni kutowiwa na mtu. Lakini asiyewiwa na mtu ana nani?

Mbweni ina ushahidi wa jambo hili. Katika miaka ya 1870 misheni ya Kiingereza iliwaweka hapo watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa huru, lakini jamaa zao walikuwa mbali. Uhuru walipewa, udugu iliwabidi waujenge, na udugu haujengwi kwa sarafu.

Basi panapouzwa, mgeni alipe kwa haki. Anapokaribishwa, anawe mikono, akae, ale, mkoba asiufungue. Deni hilo atalilipa kwao, siku atakapomkaribisha mgeni mwingine.