TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Jiko la zamani, tukarabati au tubomoe?



Ndugu yetu mmoja wa hapa Bariadi kauliza. Jiko lake la nje limechoka: ukuta umepasuka, bati limetoboka, mvua ikinyesha kuni zinaloa. Fundi mmoja kamwambia apige plasta abadilishe bati, basi. Mwingine anasema bomoa lote, jenga la kisasa. Je, kubomoa kitu ambacho bado kimesimama si israfu?

Swali hili liliwahi kuifika hata Al-Kaaba. Maquraishi waliibomoa na kuijenga upya miaka kama mitano kabla ya utume. Walikubaliana isiingie pesa ya riba wala ya dhuluma. Ya halali ikapungua, wakaacha sehemu ya msingi wa Nabii Ibrahim nje. Ndiyo ile Hijr. Baadaye Mtume (s.a.w.) alimweleza Bi Aisha (r.a.) kwamba angeirudisha kwenye msingi ule, lakini watu wake ndio kwanza wametoka jahiliya. Akaiacha. Yaani kujenga upya kulikuwa bora, na bado aliwatazama watu kwanza.

Sisi tunamtazama nani? Mara nyingi ni jirani aliyeweka vigae mwaka jana. Hapo israfu ipo hata kama pesa ni yako. Na kama si yako je? Msimu wa pamba bado, na wapo wanaokopa kwa riba kwa kutegemea pamba iliyo shambani. Wale walikuwa washirikina, ila riba hawakuiingiza ukutani!

Lakini tusijifiche nyuma ya kubana matumizi pia. Anayepika futari kafunga kama wewe, tena anapuliza kuni saa kumi na moja jioni huku macho yanamtoka machozi. Plasta haitoi moshi. Dini yetu imekataza kudhuru, na kifua cha mke au cha binti ni dhara inayohesabika. Serikali nayo imeweka lengo kwamba ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ila jiko jipya la vigae lenye mafiga yaleyale na kidirisha kama cha stoo litakuwa na moshi uleule.

Kwa hiyo mimi ningeanza na moshi: dirisha pana, dohani, mtungi wa gesi ukiwezekana. Kama msingi ni mzima na ukuta unashikika, karabati. Kama ukuta unataka kumwangukia mpishi, bomoa, na tofali nzima usitupe, zinafaa banda la kuku.

Halafu ndugu yetu katuandikia maneno ya mafundi wawili. Mama watoto anasemaje? Hilo hakuandika. Akamuulize leo, kabla ya futari.

Wabillahi tawfiq.